Ngao ya Msabato Ndiyo Ngao ya Mwislamu

Hapa Ikonge Msabato na Mkatoliki hununua na kuuza katika soko moja, ingawa mmoja huabudu Jumamosi na mwenziwe Jumapili. Tofauti hiyo haijawahi kuvunja soko. Kinachovunja ujirani ni ulimi.

Tukumbuke kura ya maoni ya mwaka 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za kadhi. Kupinga ilikuwa haki yao. Lakini mara nyingi hoja kuhusu kifungu iligeuka shutuma dhidi ya mtu: aliyeunga mkono akaitwa msaliti wa imani, aliyepinga akaitwa adui wa mageuzi. Ilhali mwaka 1999 Wakristo, Waislamu na Wahindu walikuwa wameketi pamoja katika Jumba la Ufungamano, wakidai katiba ya wananchi.

Kifungu cha 170 chazipa mahakama hizo mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee, na pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka hayo. Hata baada ya kukisoma, mtu aweza kusema kwamba dola haipaswi kugharamia mahakama ya dini moja. Hiyo ni hoja, nayo yastahili jibu. Kumwita jirani adui wa Mungu si hoja.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shule ziwape wanafunzi Wasabato nafasi ya kuishika Sabato. Ngao yao ilikuwa uhuru wa dhamiri na dini, ambao Kifungu cha 32 champa kila mtu. Mwislamu naye asimama nyuma ya ngao iyo hiyo. Anayeitoboa ili kumdhuru mwenziwe ajitoboa mwenyewe.

Mahakamani wakili humwita mpinzani wake "mwenzangu msomi". Hamwiti hivyo kwa kuwa wamekubaliana, bali kwa kuwa haki haipatikani upande mmoja ukinyamazishwa. Nasi tufanye vivyo hivyo: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia hoja yake hadi akiri kwamba ndivyo alivyosema.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia kwa sababu tuliamini kwamba kupinga si uhaini. Tukimwita mwenzetu msaliti kwa sababu ya imani yake, tutakuwa tumekirudisha chama kimoja, safari hii ndani ya nyoyo zetu.