Neno la Mhariri: Takwimu za Farasi wa Mbio na Uamuzi wa Mfugaji

Utafiti wa kitakwimu kuhusu wanyama hueleza, kwa kawaida, kwamba mambo mawili yameonekana kwenda pamoja: ukoo fulani na ushindi, lishe fulani na wingi wa maziwa, umri fulani na kuumia miguu. Kutoka hapo hadi kutamka kwamba jambo la kwanza ndilo linalosababisha la pili ni hatua fupi mno kwa mtu aliyekwisha kulitamani jibu. Toleo hili linashikilia kwamba hatua hiyo isipigwe kabla ya kujibiwa maswali matatu: wanyama waliohesabiwa walipatikanaje, walilinganishwa na wepi, na ni jambo gani jingine lililoambatana na lile lililopimwa.

Farasi wa mbio wamechaguliwa kuwa mfano ingawa Mlali, katika uwanda ulio chini ya milima ya Uluguru, haina uwanja wa mashindano, na ingawa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na kuwaathiri farasi vibaya, ni miongoni mwa sababu zilizozuia ufugaji wao katika sehemu kubwa ya nyanda za Afrika Mashariki. Ni wanyama wachache walioandikiwa kumbukumbu ndefu na za makini kama Thoroughbred, mbegu ya farasi wa mbio iliyokuzwa Uingereza, ambayo kitabu chake cha nasaba kilianza kuchapishwa mwaka 1791. Ikiwa kumbukumbu nyingi kiasi hicho zinaweza kumpotosha msomaji, basi takwimu chache za mazizi ya vijijini zinadai uangalifu mkubwa zaidi.

Mfano wa kwanza ni thamani ya dume. Mwaka 2008 Alastair Wilson na Andrew Rambaut wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha katika jarida la Biology Letters uchambuzi ulioonyesha kwamba watoto wa madume yenye ada kubwa ya kupandisha hujipatia fedha nyingi zaidi za ushindi, jambo ambalo mnunuzi angelichukua mara moja kuwa ushahidi wa damu bora. Walipotumia nasaba kutenganisha urithi na mazingira, hata hivyo, walikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 10 tu ya tofauti zilizopo kati ya farasi katika fedha wanazoshinda maishani. Mwenye uwezo wa kulipa ada kubwa ndiye pia mwenye uwezo wa kuajiri mkufunzi hodari na mpanda farasi mzoefu, kwa hiyo utajiri wa mmiliki huwa ni kigezo fiche, yaani jambo lisiloonekana katika jedwali ingawa linagusa pande zote mbili za uhusiano unaochunguzwa. Asilimia hiyo nayo isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa inahusu tofauti ndani ya kundi zima, wala haimaanishi kwamba farasi mmoja anadaiwa na wazazi wake sehemu moja ya kumi ya ushindi wake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ambako mbio huendeshwa na Jockey Club of Kenya. Katika mbio za hendikapu, farasi mwenye rekodi bora hubebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake ili nafasi za ushindi zikaribiane. Mtu anayehesabu washindi wa mbio za aina hiyo bila kuijua kanuni yake anaweza kukuta kwamba wenye uzito mkubwa hushinda mara nyingi zaidi, akahitimisha kwamba uzito huongeza kasi, ilhali uzito hupunguza kasi, na ubora uliomfanya farasi abebeshwe mzigo ndio huohuo unaompa ushindi.

Mfano wa tatu unahusu sampuli, yaani sehemu ya kundi inayopimwa kwa niaba ya kundi zima. Kwa miongo kadhaa ilidhaniwa kwamba farasi wa mbio wamefikia kikomo cha kasi, kwa sababu muda wa washindi wa mashindano makubwa machache, hasa ya masafa ya kati na marefu, haukuwa ukipungua sana. Mwaka 2015 Patrick Sharman na Alastair Wilson yuleyule, wakiwa Chuo Kikuu cha Exeter, walichambua nyakati 616,084 za farasi 70,388 waliokimbia Uingereza kati ya 1850 na 2012, wakabaini kwamba kasi imeendelea kuongezeka, hasa katika mbio fupi. Hata hivyo, ongezeko hilo peke yake halithibitishi kwamba damu imeboreka, kwa maana mafunzo na namna ya kumpanda farasi navyo vimebadilika.

Somo la mifano hiyo mitatu linamhusu moja kwa moja mfugaji wa Mlali anayetazama juu kuelekea Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifikishwa katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wastani wa maziwa uliopimwa katika baridi ya milima ya Uluguru, kwa mbuzi wa wafugaji walioendelea kutunza kumbukumbu, hauwezi kuhamishwa kama ulivyo hadi uwanda wenye joto zaidi, kwa sababu mbuzi waliokufa mapema au kuuzwa huenda hawamo katika hesabu hiyo, na bidii ya mfugaji huenda imeambatana na mbegu aliyoichagua.

Tahadhari hiyo haimwamuru mfugaji asubiri bila kikomo. Inampa njia ya kupima: mbuzi wagawiwe matunzo tofauti kwa kura, walishwe katika mazingira yaleyale, na kila kifo na kila mauzo yaandikwe. Waandishi wa jarida hili watatakiwa, kuanzia toleo hili, kutaja idadi ya wanyama, namna walivyochaguliwa na walioondoka kabla ya utafiti kwisha, kwa kuwa mfugaji anayeuza mahindi yake ili anunue mbegu mpya ana haki ya kujua uimara wa ushahidi anaouwekea mali yake.