Aondoke wodini, uuguzi hatauacha

TUSEMEZANE
Na Zuhura Mkwizu

Mkunga mmoja ninayemfahamu anataka kutoka wodi ya wazazi. Amekuwa humo tangu amalize chuo, katika hospitali ya wilaya, na siku hizi ikikaribia saa ya kuingia zamu ya usiku tumbo linamkata. Kasikia shule moja ya bweni inatafuta muuguzi. Mshahara ni mdogo kuliko wa serikali, ila usiku mwingi atalala. Alipoligusia nyumbani, mama yake alimwuliza nani kamloga. Shemeji yake akasema ajira ya serikali wenzake wanaililia. Mchungaji akamkumbusha kwamba uuguzi ni wito.

Mimi nasema aondoke.

Wanaomlaumu hawaujui usiku wa wodi ile. Partografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Wakiwapo wajawazito watatu wenye uchungu, hiyo ni mara sita kwa saa moja, na hujamhesabu aliyejifungua anayetoka damu, kichanga kilichozaliwa kimechoka, dripu zinazoisha kwa pamoja na bibi anayegonga mlango kuulizia mjukuu. Msaidizi wake ni mwanafunzi wa chuo. Likitokea la kutokea, asubuhi faili linachukuliwa, na kinachotafutwa humo ni ile nusu saa ambayo haikujazwa. Vikao vya kujadili vifo vya uzazi viliwekwa ili hospitali ijifunze, si kumsaka mchawi. Wakunga wananiambia mchawi hupatikana hata hivyo, na ndiye aliyekuwa zamu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi, anaona analofanya halina faida. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Basi tumwombee, sawa, lakini na ratiba ya zamu itazamwe.

Hiyo dalili ya pili, ya kuichukia kazi, ndiyo inayowaangukia wagonjwa. Tunawasema sana wakunga wanaowafokea wajawazito, na wanastahili kusemwa. Huyu wangu alijishtukia siku alipomfokea binti aliyekuwa akijifungua mara ya kwanza. Hakuwa hivyo. Anayetaka abaki kwa ajili ya wito ajiulize kama angependa binti yake apokelewe na mkunga aliyefika hapo.

Wito wenyewe huwa tunautetea kwa jina la Florence Nightingale. Kwenye mahafali ya wauguzi taa huwashwa na kiapo chenye jina lake husomwa, ingawa hakukiandika yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Nightingale alifika hospitali ya jeshi kule Scutari, Uturuki, Novemba 1854, na Agosti 1856 alikuwa amekwisharudi Uingereza, akiwa mgonjwa. Aliishi hadi 1910. Mingi ya miaka hiyo aliitumia kwa kalamu na takwimu, sehemu kubwa akiwa kitandani, na humo ndimo kilimotoka kitabu chake cha uuguzi cha 1859 na shule ya wauguzi ya London ya 1860. Hakuna anayesema aliuasi uuguzi.

Nimeambiwa pia kwamba wauguzi hawatoshi. Kweli, ripoti ya dunia ya 2020 ilikadiria pengo la wauguzi milioni 5.9. Lakini hapa kwetu Tanzania wapo vijana wenye vyeti vya uuguzi wanaosubiri tangazo la ajira mwaka baada ya mwaka. Kiti chake kina wa kukikalia, mwajiri akitaka.

Shule nayo si peponi. Muuguzi wa bweni yuko peke yake; mtoto akipandisha homa usiku wa manane hakuna daktari wa kumwita chumba cha pili, na mzazi yuko kwenye simu. Wenzake wengine hukimbilia duka la dawa, wakakuta kodi, madeni na mzigo unaoisha muda rafuni. Kwa hiyo ningependa kwanza aombe kuhamishwa humo humo hospitalini: kliniki ya mama na mtoto, chanjo, kitengo cha kuzuia maambukizi. Aliwahi kuomba. Jibu alilopewa: "Nikikutoa wewe, nani atabaki?"

Hapo ndipo mimi nagombana na wakubwa wa hospitali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Waganga wafawidhi na matroni, zihesabuni saa za watu wenu wa wodi ya wazazi mwezi huu, kisha wekeni zamu za kupokezana vitengo, mtu ahamie kliniki kabla hajaanza kuitafuta shule.

Na wewe dada, usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa umetoka zamu ya usiku. Dai likizo yako, ulale, uwaone wanao. Ukirudi na bado moyo uko shuleni, nenda. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga endelea kuihuisha, maana huko uendako bado wewe ni muuguzi.