Udadisi siyo mali ya watoto wa ada za dola

Najua wengi wenu mko kwenye msuli wa mitihani na bumu limeshakata, kwa hiyo sitawachosha na habari za foleni ya kafeteria. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, na nisipolisema nitapasuka.

Kwenye semina ya mitaala tulikuwa tunajadili ufundishaji wa udadisi, yaani ule wa kumwanzishia mwanafunzi swali badala ya kumshushia majibu. Mfano uliotolewa ni Middle Years Programme, kwa kifupi MYP, ya International Baccalaureate (IB). Jamaa mmoja akasimama: "Hayo ni ya watoto wa Masaki. Sisi tunakwenda kukuta wanafunzi themanini na chaki mbili." Watu wakacheka, wakapiga makofi, mjadala ukafa palepale.

Jamani, hoja ile inafurahisha masikio lakini ni mbovu. Tena ni hatari, maana wanaoipigia makofi ndio walimu wa kesho.

Kwanza tujue tunachokikataa. IB ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. MYP ikaja mwaka 1994. Ni ya watoto wa miaka 11 hadi 16, inachukua miaka mitano, na masomo yamegawanywa katika makundi manane. Hapa kwetu iko kwenye shule kama International School of Tanganyika pale Dar na UWC East Africa ya Moshi na Arusha. Majirani wa Kenya wanayo Aga Khan Academy pale Mombasa. Ada zake mnazijua. Mzazi wangu angeuza shamba na bado angedaiwa.

Lakini ndani ya darasa kunafanyika nini? Mada haianzi na maana ya neno ubaoni. Inaanza na sentensi moja inayobeba wazo la mada nzima, kisha maswali ya aina tatu: swali la ukweli, swali la dhana, na swali la kubishania. Mwanafunzi anatafuta, anatenda, halafu anakaa chini kutafakari alichokipata. Mwaka wa mwisho kila mmoja anafanya mradi wake binafsi, wa jambo alilolichagua mwenyewe, na kuandika ripoti yake.

Sasa njooni kwenye alama, maana hapo ndipo penye siri. Kila kundi la masomo lina vigezo vinne, A mpaka D, kila kimoja alama 8, jumla 32, ambazo hugeuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7. Chukua sayansi. Kigezo cha A ni kujua na kuelewa. B ni kuuliza na kubuni jaribio. C ni kuchakata na kutathmini matokeo. D ni kutafakari sayansi inafanya nini kwenye maisha ya watu. Piga hesabu: kujua na kuelewa ni alama 8 kati ya 32. Robo tu! Na vigezo hivyo mwanafunzi anaonyeshwa kabla hajaanza kazi, siyo anashtukizwa siku ya kurudishiwa karatasi.

Niambieni, swali la kubishania linauzwa duka gani? Kumwonyesha mwanafunzi vigezo mapema kunagharimu dola ngapi?

Sisemi fedha haina maana. Darasa la watu ishirini ni fedha. Maabara ni fedha. Mwalimu kupata muda wa kukaa na wenzake kupanga mada pamoja ni fedha, na hayo tuyadai kwa sauti kubwa. Ila tusidanganyane kwamba mpaka siku maabara itakapojengwa mtoto wa kata hana haki ya kuuliza.

Tena wanaosema udadisi ni wa wazungu wanasahau historia yao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa, na wala haipimi tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumikia. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, waone matokeo ya maamuzi yao, wajifunze humo. MYP nayo inamtaka mwanafunzi atoe huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo. Yaani kitu ambacho sisi tulikiandika miaka 27 kabla ya MYP kuzaliwa, leo tunakiona kwenye shule za dola tunasema siyo chetu! Sisi tulibaki na jembe, swali tukaliacha. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba.

Na siyo kwamba kwenye makaratasi tumelala. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulikuwa wa kujenga umahiri. Mtaala ulioanza Januari 2024 nao unaimba umahiri. Lakini mwalimu anajua atapimwa kwa matokeo ya kidato cha nne, na mwanafunzi anajua kitakachotoka ni taja, eleza, orodhesha. Mkishajua hivyo wote wawili, nani atapoteza vipindi vinne kutafuta jibu ambalo desa limeshaliandika?

Halafu kuna lugha. Hapa ndipo ninapochemka kabisa. IB inazitaka shule zake ziwe na sera ya lugha, na ndani yake zioneshe zitakavyotunza lugha ya nyumbani ya mwanafunzi. Sisi mtoto anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anafungiwa mdomo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Mpaka leo sekondari ni Kiingereza. Hivi mtu anaulizaje kwa lugha ambayo bado anaitafuta? Akinyoosha mkono wenzake wanacheka kosa la sarufi, swali lenyewe hakuna aliyelisikia. Baada ya miezi mitatu hanyooshi tena. Tunamwita mzito. Siyo mzito, tumemnyamazisha!

Na chuo nacho kisijifiche. Tumefundishwa ufundishaji wa udadisi kwa slaidi 64, tukinakili. Kwenye jaribio tukaulizwa tutaje na kueleza sifa sita za udadisi. Mimi nilizikariri usiku kwenye vimbweta, nikazitapika zote, nikapata alama nzuri. Hakuna aliyeuliza swali hata moja kozi nzima. Mtu asiyewahi kudadisi atamfundisha nani kudadisi?

Msinielewe vibaya, siiabudu MYP. Ina misamiati mingi mpaka mwalimu anaweza kujaza fomu za mpango akasahau mtoto. Na kuna kitu kinanichefua mtoto wa tajiri anapojifunza "huduma" kwa kwenda kupiga picha na maskini. Siombi tuibebe kama ilivyo. Naomba tuchukue kilicho chetu humo.

Basi, kwa sababu BTP iko mlangoni, nisiishie kulalamika. Chukueni somo la maji. Swali la ukweli: maji ya madumu yanayouzwa mtaani kwetu yanatoka wapi? Swali la dhana: kwa nini bei ya kitu hupanda kadiri kinavyopita mikononi mwa watu? Swali la kubishania: je, ni haki maji kuuzwa? Wanafunzi 80 ni vikundi kumi vya watu wanane. Kila kikundi kiulize wauzaji watatu, kiandike bei, kirudi nazo. Wa Kemia wao wakate chupa za plastiki, waweke mchanga, changarawe na mkaa kwa mpangilio wanaouona unafaa, washindane nani ametoa maji maangavu zaidi na aeleze kwa nini. Wasiyanywe tu! Waacheni wabishane kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza ambacho mtihani unakitaka. Vigezo viandikeni ubaoni siku ya kwanza.

Itakula vipindi viwili zaidi ya ratiba, na mkaguzi anaweza kukukata alama kwa kutomaliza mada. Mimi niko tayari kukatwa. Wewe uliyepiga makofi kule semina, nawe niambie uko tayari kwa lipi, kwa sababu wale themanini wanakusubiri na hawajui kwamba umeshawaamulia hawawezi.

Nimesema. Uwanja ni wenu, pondeni kwa hoja. Na mwenye chaki za ziada anikumbuke.