Ukuta wa Kobe Humzuia Nani?

Kama kawaida ya safu hii, tunachukua jambo la hapa Liverpool na kulizungumza kwa Kiswahili mpaka lieleweke. Safari hii jambo limeletwa na wenzetu wawili waliopanga nyumba yenye uwanja mdogo nyuma. Wanataka kufuga kobe, na wametuuliza ua wake ujengwe vipi. Kabla ya kushika koleo na misumari, tuvuke kwanza bahari hadi Zanzibar, maana huko swali hili lilijibiwa kwa gharama kubwa.

Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja kuna kisiwa kidogo kiitwacho Changuu. Watalii wengi hukijua kwa jina la Kisiwa cha Gereza, kwa sababu ya gereza lililojengwa huko miaka ya 1890, ingawa jengo lenyewe liliishia kutumika kwa karantini. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Ushelisheli alipeleka kisiwani zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Walizaana vizuri, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Hawakuhitaji ukuta, kwa kuwa bahari iliwazunguka pande zote.

Kisha wakaanza kupungua, na sababu haikuwa maradhi wala njaa. Watu waliwaiba, wengine ili wawauze ng'ambo kama wanyama wa kufugwa, wengine kwa kitoweo. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walikuwa saba tu. Mwaka huohuo vililetwa vitoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao vikatoweka. Hapo ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ilipowajengea kobe ua mkubwa. Mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wadogo 50 na vitoto 90.

Kisa hiki kinatupa kanuni ya kwanza. Bahari ilimzuia kobe asitoke, lakini haikumzuia mtu asiingie. Anayejenga ua wa kobe aanze kwa kuhesabu ni nani walio nje, kisha ndipo apime urefu wa mbao.

Sasa turudi Liverpool. Hapa swali la kwanza ni la sheria. Australia haina kobe wa asili wa nchi kavu, na mtu binafsi haruhusiwi kufuga reptilia wa kigeni. Kwa hiyo kobe wa madoadoa tunaowajua kutoka mbuga za Kenya na Tanzania hawafugwi hapa, wala yule kobe bapa wa miambani, ambaye biashara ya kimataifa ya wanyama wa kufugwa imechangia kumfikisha ukingoni mwa kutoweka. Anayeruhusiwa, kwa leseni ya jimbo la New South Wales, ni kobe wa majini wa hapahapa, hasa yule mwenye shingo ndefu ambaye Kilatini cha wataalamu humwita Chelodina longicollis. Anunuliwe kwa mwenye leseni. Kumwokota kando ya mto Georges baada ya mvua, hata kwa nia njema ya kumfuga, ni kosa.

Kobe huyu ana tabia zake. Hula akiwa majini, basi lazima awe na kidimbwi chenye maji safi, pampu ya kuchuja, na mteremko wa kumwezesha kupanda nchi kavu kuota jua. Mvua ikinyesha hupenda kusafiri, na ukuta wenye kushikika huupanda kwa makucha yake. Akitishwa hutoa majimaji yenye harufu kali, kwa hiyo wenzetu wasimzoeze kubebwabebwa kama paka. Vitoto visiwekwe nje. Vikae kwanza ndani katika tangi la kioo mpaka vikomae, kwa sababu hata kunguru anaweza kuvibeba.

Ujenzi wenyewe tungeupanga hivi. Ukuta uwe mzima, wa mbao laini au matofali, si wavu mtupu. Kobe akiona upande wa pili hushinda akisukuma na kujaribu kupenya, na huweza kujiumiza. Sentimita 60 juu ya ardhi zinafaa, na 30 nyingine zifukiwe chini. Juu ya ukuta pigilia ubao wa kulala unaotokeza kwa ndani, ili anayepanda agonge kichwa na kurudi. Pembeni ndipo kobe wanapopandia zaidi, kwa kuwa hupata kuta mbili za kuegemea. Basi pembe zizungushwe au zifunikwe. Mlango uwe na kizingiti kirefu na komeo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na upembamba wa ua wowote ni pembe na mlango.

Hayo ni ya kumzuia kobe. Aliye nje ni mbweha mwekundu, aliyeletwa Australia na walowezi katika karne ya 19 kwa ajili ya mchezo wa kuwinda, na leo anatembea usiku hadi vitongoji vya Sydney. Huchimba, huruka, hupanda, na mayai ya kobe ni chakula anachokifuata hasa. Kwake ukuta wa sentimita 60 ni ngazi tu. Kwa hiyo ua uwe na paa la wavu wa waya mzito. Waya mwembamba wa kuku huweza kukatwa kwa meno. Wavu mwingine ulazwe chini kwa nje kuuzunguka ukuta, ufunikwe kwa udongo, ili anayechimba akutane na chuma. Na paa lifungwe kwa kufuli, kwa sababu ya somo la Changuu.

Jua nalo lisisahauliwe. Tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini. Hapa jua hupita upande wa kaskazini, na wakati wa baridi huwa chini sana. Ua ukijengwa kusini mwa nyumba utakuwa kivulini miezi mingi. Utazame kaskazini, lakini nusu yake ipate kivuli cha majani au ubao, maana kiangazi cha magharibi mwa Sydney huweza kupita nyuzi 40, na kidimbwi kisicho na kivuli hugeuka sufuria.

Walimu wetu wataturuhusu tuingize lugha kidogo. Mmoja wa wenzetu aliandika kuwa anataka kujenga "kizimba". Neno ni sahihi kwa kuku, lakini kizimba pia ndipo anaposimamishwa mshitakiwa mahakamani. Zizi ni la mifugo wanaolala humo na kutoka asubuhi. Sisi tunapendekeza ua. Neno hili lina maana mbili kwa pamoja: uzio wenyewe, na uwanja ulio ndani yake ambamo watu wa nyumba hupika, hufua na kupunga upepo. Anayejenga ua hafikirii uzio peke yake, hufikiria pia maisha ya atakayekaa ndani.

Tunabakiza jambo moja ambalo wenzetu hawakuuliza. Shahada ni miaka mitatu au minne, na mkataba wa nyumba kwa kawaida huwa mfupi zaidi. Kobe wa shingo ndefu anayetunzwa huishi miongo kadhaa. Je, mmoja akipata kazi Perth na mwingine akirudi Dodoma, kobe atabaki kwa nani? Kumwachia mtoni haruhusiwi, tena anaweza kuwapelekea ugonjwa wenzake wa porini. Kwa hiyo, pamoja na mbao na wavu, tunawaomba wapate vitu viwili kabla ya kununua: ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na jina la mtu mwenye leseni aliyekubali kumpokea kobe siku watakapoondoka. Wakivipata, wanachama wengine tuko tayari kwenda Jumamosi moja kuwasaidia kuchimba.