Kabati la Jikoni: Tazama Ukingo Kabla ya Uso

Ndugu wasomaji, na hasa mama na dada zetu ambao jiko ni lao kwa kazi na kwa jasho, wiki hii tunazungumza juu ya kabati la jikoni. Huenda mtu akauliza, sheikh na mbao wapi na wapi? Jawabu ni kwamba kabati ni mali, na mali ni amana. Katika mitaa yetu ya Muyeye, kabati hilo aghalabu hununuliwa kwa fedha za chama, zamu ya mama ilipofika baada ya miezi mingi ya kuweka kidogo kidogo. Ama hutengenezwa kwa haraka siku chache kabla ya harusi ya binti. Kisha hupita masika mawili tu, na ubao wa chini ya sinki umevimba kama mkate uliochovywa chai, mlango haufungiki, na bawaba imeng'oka pamoja na unga wa mbao. Fedha haikuibiwa, lakini imekwenda.

Neno langu la leo ni moja: uso wa ubao haukwambii utadumu muda gani. Atakayekwambia ni ukingo wake, na gundi iliyo ndani.

Kwanza tumjue adui. Hapa Malindi mvua za masika huanza Machi au Aprili, Mei ndio mwezi wake mkubwa, na upepo wa kusi huendelea kuvuma na unyevu wake hadi karibu na Septemba. Ubao wowote, wa ghali au wa rahisi, hunywa unyevu wa hewa iliyouzunguka mpaka ulingane nayo. Katika hewa kama yetu, mbao iliyo ndani ya nyumba hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo kwa tabia yake huvuta maji. Ongeza mvuke wa biriani na maji ya kuoshea vyombo. Ongeza unyevu unaopanda ukutani kutoka kwenye msingi, ule unaobambua rangi na kuacha unga mweupe. Kabati limo katikati ya hayo yote, usiku na mchana.

Sasa tuzitazame mbao zenyewe. Ya rahisi kuliko zote ni chipubodi. Hiyo ni vipande vidogo vya mti vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa joto, kisha vikavishwa karatasi ya melamini yenye sura ya mti au marumaru. Melamini ni ngumu na maji hayaipenyi kwa urahisi; kasoro iko kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu. Gundi yake ya kawaida ni ya yurea, na gundi hiyo hulegea kwa unyevu na joto. Vile vipande vilivyoshindiliwa, vikishapata maji, hutanuka kutaka kurudi vilivyokuwa, na hata ubao ukikauka haurudi unene wake wa kwanza. Skrubu hubaki haina cha kushika.

Ya pili ni MDF, iliyotengenezwa kwa nyuzi laini za mti. Uso wake ni laini mno na hupokea rangi vizuri, kwa hivyo wengi huipenda kwa milango. Lakini ile ya kawaida ikilowa, yake na ya chipubodi ni mamoja. Iko yenye rangi ya kijani ndani, huuzwa kuwa yastahimili unyevu. Ikiwa imetengenezwa sawasawa, gundi yake ni bora na hustahimili zaidi hewa yenye unyevu, lakini haikuundwa kukaa majini. Na ule ukijani ni rangi iliyotiwa tu. Peke yake si ushahidi.

Ya tatu ni plaiwudi. Hii ni tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa kwa kupishana, nyuzi za moja zikielekea urefu na za inayofuata zikielekea upana, na idadi yake kwa kawaida huwa witiri: 5, 7, 9 au zaidi. Kupishana huko ndiko kunakozuia ubao kutanuka na kupinda, na ndiko kunakoipa skrubu mahali pa kushika. Lakini plaiwudi nayo ina gundi mbili. Iliyobandikwa kwa gundi ya ndani ya nyumba huachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Iliyobandikwa kwa gundi ya finoli, ile nyeusi au ya hudhurungi iliyokoza, huvumilia maji miaka mingi.

Hapa ndipo penye fitina ya majina. Madukani kuna ubao unaoitwa "marine". Jina hilo limekuwa kama kilemba: hukivaa anayestahiki na asiyestahiki. Asili yake ni plaiwudi ya vyombo vya baharini, na kipimo chake maarufu ni kile cha Uingereza, BS 1088, kinachotaka gundi isiyoachia hata kwa maji yanayochemka na tabaka zisizokuwa na mapengo. Ila mara nyingi kinachouzwa kwetu kwa jina hilo ni ubao wa hudhurungi unaong'aa, uliokusudiwa kumwagia zege. Gundi yake yaweza kuwa njema, lakini ndani mwaweza kuwa na mashimo na mti laini usioshika bawaba. Basi usinunue jina.

Ufanyeje? Mwombe muuzaji au fundi kipande cha masalio, ukubwa wa kiganja, cha ubao ule ule utakaotumika. Kitazame ukingo: je, tabaka ni sawasawa, au kuna nyembamba na nene, na mapengo unayoweza kupenyeza ncha ya kisu? Kisha kama ni plaiwudi, kichemshe kwenye sufuria kuukuu saa kadhaa, ukianike kikauke, ukichemshe tena. Kikiachana, umeujua ubao wako kabla hujaulipia. Kama ni chipubodi au MDF, kipime unene kwa rula, ukilaze katika maji usiku kucha, ukipime asubuhi. Hili ni jaribio la nyumbani tu, lakini litakwambia mengi kuliko maneno ya dukani.

Wanaopenda mti halisi wasisahau mwarobaini, unaoota katika nyua zetu bila kubembelezwa. Wachongaji wa Malindi wameutumia kwa vinyago na samani kwa miaka mingi. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na wadudu huuepuka. Sharti lake ni ukaushwe vyema kwenye kivuli kabla ya kurandwa, la sivyo utapinda na kupasuka. Mwembe ni mzuri wa sura na rahisi wa bei, lakini fukusi huupenda, na palipo maji huoza upesi. Usiuweke chini ya sinki.

Siku hizi kuna pia mbao za plastiki na makabati ya alumini. Havinywi maji wala haviliwi na mchwa, na hiyo ni sifa kubwa hapa pwani. Lakini plastiki hulegea kwa moto, kwa hivyo isikae ubavuni mwa jiko la gesi wala juu ya jiko la makaa. Alumini nayo iwe imepakwa rangi vizuri, maana chumvi huitia madoa.

Mwenye nyumba yake namshauri atazame walivyofanya wazee. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyombo vilipangwa katika zidaka zilizojengwa ndani ya kuta kwa matumbawe na chokaa. Ukuta hauvimbi. Fikra hiyo yafaa hata leo: kiwiliwili cha kabati la chini kijengwe kwa matofali na vibao vya zege, kipigwe plasta na kuwekwa taili, kisha milango tu ndiyo iwe ya plaiwudi njema au mwarobaini. Baada ya miaka, mlango ukiharibika hubadilishwa mlango, kabati likabaki. Kabati la juu, ambalo halikutani na maji, laweza kuwa la ubao wa bei nafuu zaidi. Ama mpangaji, asijenge katika ukuta wa mwenyewe; kwake yafaa zaidi kabati lenye miguu, la alumini au plaiwudi, atakaloweza kuhama nalo.

Kisha kuna mambo ya fundi, na hayo huokoa hata ubao wa wastani. Kabati lisikae sakafuni. Liinuliwe kwa miguu au kitako cha zege kiasi cha sentimita 10, ili maji ya kudeki yasilifikie. Liachiwe nafasi ndogo nyuma lisigusane na ukuta, wala lisifungwe ukuta mpya ukiwa haujakauka. Kila ukingo uliokatwa, hata usioonekana, na kila tundu la bomba, lizibwe kwa rangi, vanishi au silikoni. Ubao upakwe pande zote mbili, maana ukipakwa upande mmoja hunywa kwa upande mwingine na kupinda. Na bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ubao mwema wenye bawaba mbovu ni mlango ulioanguka.

Jambo jingine ni afya. Gundi ya yurea hutoa hewa iitwayo fomaldehaidi, ile yenye harufu kali ya ubao mpya inayochoma macho, na hutoka zaidi penye joto na unyevu. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si jambo la kutia hofu, bali la kuchukua hadhari: kabati jipya lifunguliwe milango, madirisha yaachwe wazi siku nyingi, na kingo zizibwe, hasa palipo na mja mzito au mtoto mchanga.

Mwisho ni mapatano. Mafaqihi wetu, walipozungumzia bidhaa ya kuagizwa ambayo bado haipo mkononi, walishurutisha ielezwe jinsi yake, aina yake, kipimo chake na muda wake, ili kuondoa ugomvi. "Kabati zuri la jikoni" si maelezo. Andikeni karatasini: plaiwudi ya milimita 18, gundi isiyoachia maji, kingo zizibwe, bawaba za aina fulani, siku fulani. Fundi na mteja waweke sahihi, na kile kipande cha masalio kihifadhiwe kiwe kielelezo. Aibu iliyofichwa ikidhihiri, sharia imempa mnunuzi hiyari ya kurudisha, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, imempa haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa.

Nanyi mafundi na wenye maduka mnaosoma ukurasa huu, mwakijua kisa alichokipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.): Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye chakula akasema ni mvua. Akamtaka auweke ule uliolowa juu, watu wauone, na akamkana mwenye kughushi. Karatasi ya melamini ni pambo halali, lakini isiwe ule ukavu wa juu unaoficha ulichokijua ndani. Mteja akitaka chipubodi kwa sababu mkono wake ni mfupi, muuzie, ila mwambie ni chipubodi, na isipofaa kuwekwa chini ya sinki mwambie pia.

Na waume, kabla ya kumlipa fundi mkeni jikoni mkamuulize mwenye kulitumia: maji humwagika wapi, sufuria nzito hukaa wapi, ukuta upi hulia wakati wa masika. Yeye ndiye ajuaye, na shura katika nyumba haikuhusu mambo makubwa tu.

Wabillahi tawfiq.