Kebo moja ilivyoiacha Tonga bubu

VOLKANO iliyolipuka baharini Januari 15, 2022 ilikata kebo ya pekee iliyounganisha Tonga na ulimwengu kupitia Fiji. Simu za kimataifa na intaneti zilinyamaza katika taifa hilo lenye watu wapatao 100,000. Jamaa walio New Zealand na Australia, ambao fedha zao ni nguzo ya uchumi wa Tonga, hawakujua nani yu hai.

Kisiwa kikuu kilisubiri wiki tano kuunganishwa tena. Visiwa vya mbali vilisubiri hadi 2023.

Kebo mbili zinazohudumia Afrika Mashariki zilipokatika Mei 2024, intaneti ya Kenya ilizorota lakini haikuzimika, kwani kulikuwa na nyingine. Kwa nchi ndogo, kebo ya pili ni mzigo mzito. Hata hivyo, akiba haiozi.