Njia ya miguu ikizibwa, mzee wako atapita wapi?

Msikilizaji, ukimpeleka mzee wako Dar es Salaam kwa matibabu, kisha mkapitia Kariakoo kununua mahitaji, kuna jambo mtaliona mapema. Njia ya waenda kwa miguu ipo, ila haipitiki. Hapa kuna meza ya viatu, pale nguo zimetandazwa chini, mbele gari limeegeshwa juu ya njia na mtaro hauna mfuniko. Kijana ataruka. Mzee mwenye mkongojo atashuka barabarani, katikati ya bajaji na malori.

Hapo ndipo ilipo hatari. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani. Takribani mmoja kati ya watano ni mwenda kwa miguu.

Kwa asiyeona ni vigumu zaidi. Yeye huikariri njia kwa fimbo nyeupe. Meza ambayo jana haikuwepo, leo ni ukuta.

Serikali ilifanya nini?

Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Machinga wakapata ahueni, na meza zikaongezeka kando ya barabara. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wapangwe upya bila vurugu. Dar es Salaam, mkuu wa mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, aliwapa hadi mwisho wa Oktoba wawe wamehama. Njia zilifunguka. Baadaye wengi walirudi.

Kwa nini walirudi?

Machinga hufuata wateja. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa ajili yao, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu kwa sababu wanunuzi hawakupita huko. Ukimhamisha mtu mahali penye riziki ukampeleka pasipo na mteja, atarudi tu. Na wengi wao ni vijana wetu waliotoka vijijini.

Tena si machinga peke yao. Mwenye duka anayetoa bidhaa nje, mwenye gari anayeegesha juu ya njia, fundi anayemwaga kokoto na mwizi wa mifuniko ya mitaro, wote wanaziba. Lakini anayefukuzwa kwanza ni mwenye meza.

Sheria ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, inayotaka maeneo na huduma za umma zifikike kwa wote. Kipimo chake ni rahisi: je, mwenye kiti mwendo anaweza kupita bila kushuka barabarani?

Na sisi huku?

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita Hedaru, Makanya na Same mjini. Mabasi yanasimama, wauzaji wanakimbilia madirishani, bodaboda wanangoja abiria. Mama aliyeshuka na tangawizi kutoka Mamba Myamba naye anatafuta pa kutua mzigo. Miji yetu bado ni midogo, kwa hiyo nafasi ya kupanga ipo. Watengewe wauzaji eneo lililo karibu na abiria, bodaboda wapewe kijiwe chao, na njia ya miguu ibaki wazi.

Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maeneo ya biashara ni kazi ya halmashauri. Kwa hiyo mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa, mwambie diwani na mtendaji wako mahali hasa palipozibwa, na taja pia pale ambapo wauzaji wanaweza kuhamia na bado wakapata wateja. Ukisema la kwanza ukaacha la pili, baada ya miezi michache utayakuta yale yale.